Mugeni aliyepiga picha miti ya mupaka wetu

Wakuu, salamu toka Kadutu, hapa Bukavu. Shule sikufika mbali, mtanivumilia. Naandika tu nilichoona na macho. Penye sina hakika nitasema.

Kijiji yetu iko upande wa Mumosho, ni kadogo. Vya kuonyesha mugeni ni jiwe ambako wazee walinolea majembe, chemchemi, kanisa ya zamani iliyobaki kuta tu, na mustari wa miti ya mupaka kwenye shamba ya maman.

Ile miti baba ndiye aliipanda, siku alitoa kalinzi, ile ng'ombe unamupa chefu ndipo anakugawia udongo.

Baba hayuko tena. Karatasi ya shamba hatuna. Tuko na miti, na mashahidi waliokunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pale siku ile.

Nao karibu wote wamekufa.

Sasa juzi, niko kule kwa maman, bwana mumoja akafika na pikipiki. Eti anakusanya historia ya vijiji.

Jiwe, picha moja. Chemchemi, moja. Kanisa hakuingia hata.

Kwenye miti yetu akakawia. Picha huku, picha kule. "Maman, nani aliipanda? Inaishia wapi?"

Wakuu, historia gani inataka kujua mahali shamba inaishia?

Lakini nisimuonee. Alimusalimia maman na mikono mbili. Pengine anapenda miti tu. Mimi nashuku watu haraka, hata muke wangu ananilaumu.

Nikamunong'oneza maman: "Usimuambie kitu."

"Wewe nyamaza. Leta kasiksi."

Akaita majirani, akamueleza bwana yote, mpaka ule muti wa mwisho kule chini.

Kwetu mwenye pombe anaonja kwanza, mugeni aone hakuna sumu. Huyu hakungoja. Alishika kibuyu, akavuta murija.

Majirani wakaangaliana. Ni mutu asiyejua desturi, ao hana mawazo mabaya, ndiyo maana haogopi sumu? Mpaka leo sijui.

Papa Bisimwa, jirani yetu, akamuuliza: "Tonton," ndiyo kusema mujomba, "uko na kiu ao uko na haraka?" Watu wakacheka.

Maman hakucheka. "Tonton, umekunywa?"

"Nimekunywa, maman. Aksanti."

"Chini ya miti ya nani?"

Akainua macho kwenye miti. "Ya bwana yako."

"Inaishia wapi?"

Akaonyesha na kidole mbele ya wote. Sawasawa kabisa.

"Bon. Waliokunywa na bwana yangu karibu wote wamekufa. Sasa shahidi ni wewe na hawa. Siku mutu atagusa hii shamba, tutakuita useme."

Bwana akaweka kibuyu chini polepole. Picha hakupiga tena.

Mimi nilizani mutu unayemushuku unamufungia mulango. Maman alimufungulia, akamunywesha mbele ya watu. Kama alikuja kuiba, amejifunga mwenyewe. Kama ni mutu wa historia kweli, ameenda na ile ya kweli, na mimi nimemukosea bure.

Kwenu mugeni akiuliza mupaka munafanyaje? Andikeni hapa chini, hata kunipinga.

Na kama yuko humu anasoma: tonton, kasiksi ingine iko. Karibu sana. Sura yako tunaikumbuka.