Mama Mkubwa na Chozi

Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, ni fundi cherehani, na mdomo wake una makali kuliko mkasi wake. Ukimpelekea kitambaa kidogo anakuuliza hicho ni cha nguo au cha kufutia miwani. Ukichelewa kuchukua gauni lako anakwambia ameshalivaa mara mbili. Wateja wanamvumilia kwa sababu mishono yake haifumuki, na mimi nampenda hivyo hivyo alivyo.

Mdomo huo ndio uliomponza. Kabla ya mvua zilizopita alimshonea mama gauni la samawati, zawadi, tena bila kumpima, kwa kuwa vipimo vya mdogo wake anavyo kichwani tangu usichana wao. Mama akalijaribu pale kibandani, mbele ya wateja. Zipu ikafika katikati, ikagoma. Mama Mkubwa akatoa pini mdomoni, akasema, "Vipimo vyangu viko sawa. Kiuno chako ndicho kimehama."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mama akalivua gauni, akalikunja, akaondoka nalo bila kuaga. Tangu siku hiyo hawakusemezana. "Aje yeye, ndiye aliyenitukana," mama anasema. "Aje yeye, ndiye aliyenuna," anasema Mama Mkubwa. Nami katikati, nikipeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma. Hawa walilala kitanda kimoja utoto wao wote, na sasa kila mmoja anazeeka peke yake kwa ajili ya zipu. Iliniuma sana.

Ndipo akaja chozi.

Namsema yule ndege mdogo anayefyonza maua, mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya fundi magodoro. Jike, rangi yake ya vumbi tu, alianza kujenga kwenye waya wa taa, barazani mbele ya mlango wa kibanda. Alileta utando wa buibui, nyasi, majani makavu. Alipozoea akawa anashuka hadi chini ya cherehani kuokota nyuzi. Kiota kikaning'inia kama mkoba, na juu ya tundu la kuingilia akakiwekea kijibaraza cha kuzuia mvua. Mama Mkubwa alikikagua, mikono kiunoni. "Hana sindano wala mkasi," akasema, "lakini huyu ni fundi mwenzangu."

Dume hakusaidia hata kwa unyasi mmoja. Yeye kavaa kijani kinachometameta, kazi yake kuimba juu ya waya na kufukuza wenzake mauani. Asubuhi moja akajiona kwenye kioo cha wateja, akakivamia, akakidonoa mpaka akahema.

"Mjinga huyu," Mama Mkubwa akasema. "Anagombana na sura yake mwenyewe."

Nikamtazama. Yeye na mama yangu wana sura moja, hadi mwanya. Hakunielewa, akakifunika kioo kwa shuka.

Mayai yalipotagwa ndipo Mama Mkubwa akapagawa kabisa. Taa ya barazani ikawa marufuku. Cherehani akaisogeza chumba cha ndani, na mteja akipaza sauti ananyamazishwa kwa kidole.

Habari zilifika kwetu kwa muuza maziwa, mtu ambaye daima ana haraka kwa sababu baiskeli yake haina stendi. Mama akamuuliza, akijifanya hajali, "Na yule wa kule, mzima?"

"Yule? Siku hizi anaamka na chozi, analala na chozi! Hata cherehani kaiondoa barazani. Watu wenyewe hataki waongee. Haya mama, maziwa hayo." Akapiga kengele, akaenda zake.

Mama akaganda na sufuria mkononi. "Dada yangu analia?"

Mimi nilijua ukweli, na ningeusema kwa neno moja. Lakini wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, na mimi nilikuwa nimelima hadi mikono imeota sugu. Nikauma ulimi. Sijutii.

Mama aliingia chumbani, akatoka amevaa lile gauni la samawati. Zipu ilikuwa imeishia pale pale pa zamani, akajitanda mtandio juu yake. Njia nzima alitembea kwa pumzi za kukopa, nami nyuma yake.

Tulimkuta Mama Mkubwa kasimama barazani, uso juu, macho yamelowa. Mama akamkumbatia. "Basi, dada yangu. Nisamehe. Nimesikia una chozi."

"Ninaye," Mama Mkubwa akanong'ona, "tena kaangua juzi! Sema polepole."

Mama akainua macho. Vinywa viwili vya manjano vikachomoza tunduni. Akamtazama dada yake, akanitazama mimi, nikajua nimekwisha. Kisha akaanza kucheka. Mama Mkubwa alipoelewa akashika ukuta, na wote wawili wakacheka huku wamejiziba midomo wasimsumbue mwenye nyumba, mpaka zipu ikaachia yote, na yale machozi mengine, ya binadamu, yakawatoka kweli.

Mama Mkubwa akajifuta uso. Akavua futi shingoni, akamzungushia mdogo wake kiunoni, akasoma. Wateja wawili wakasogea wasikie. Mimi nikafumba macho.

"Kimerudi," akasema, kisha akachukua mkasi akaanza kufumua mshono wa ubavuni.