Usaili Dukani kwa Yotham

Mwaka wa tisini na saba, Kuluthumu alikuwa ametimiza miezi kumi na minne bila kazi. Shirika alilolipigia chapa kwa miaka kumi na tisa lilikuwa limeuzwa, na maombi aliyotuma tangu hapo yalijibiwa kwa pole au hayakujibiwa kabisa. Kwa hiyo ilipokuja barua kutoka Arusha, kwamba mradi wa visima unatafuta katibu muhtasi wa ofisi yake ya Dodoma na utamsaili kwa simu Alhamisi saa nne, hakupiga hata kigelegele. Alikwenda tu kumkumbusha Yotham, muuza mabati wa Makole, kwamba namba aliyoiandika kwenye maombi ni ya simu ya dukani kwake.

Jioni tatu mfululizo Ruthu, mpangaji mwenzake aliyekuwa karani Bungeni, alimfanyisha mazoezi uani huku wakichambua mlenda.

"Kwa nini uliacha kazi?"

"Nilipunguzwa."

"Usiseme hivyo, dada. Sema ulitaka kupanua uzoefu."

Kuluthumu alirudia mara nne, kisha akaacha. "Mdogo wangu, hata uongo unataka nguvu."

Alhamisi aliketi juu ya mfuko wa saruji, gauni limenyooshwa pasi. Simu ililia saa tano kasoro. Mteja alikuwa akigongagonga mabati, naye akaziba sikio moja kwa kidole. Maswali ya Kiingereza aliyajibu taratibu, bila kujikwaa sana. Kisha likaja swali lile lile la kuacha kazi. Akayatafuta maneno ya Ruthu, hakuyaona.

"Tulipunguzwa watu sitini na wawili," alisema kwa Kiswahili. "Barua zote za kupunguzwa nilizipiga chapa mimi. Ya kwangu ilikuwa ya arobaini na moja."

Mwanamke wa upande wa pili akauliza, "Ukaendelea?"

"Zilibaki ishirini na moja, mama. Wenzangu walikuwa nje wanasubiri wajue moja."

Alipokata simu, Yotham alimtazama. "Vipi?"

"Sijui, kaka. Nimechoka."

Wiki ya tatu barua ilifika: mkataba wa miezi sita, aanze Jumatatu. Ruthu alishangilia mpaka majirani wakatoka. Kuluthumu aliisoma mara mbili, akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akaingia chumbani, akalala mchana kweupe mpaka adhana ya alasiri.