Mtoto wa kwenye picha ya ndui

Jamani, leo nimeulizwa swali sokoni Kahama, na mpaka sasa mchele nilionunua sijautoa kwenye mfuko.

Mama mmoja kanisimamisha. "Shikamoo baba. Si wewe yule bwana wa ndui, wa baiskeli na picha?"

Ni mimi. Mwishoni mwa miaka ya sitini nilizunguka vijiji vya Ushirombo na picha ya mtoto mwenye ndui, nikiuliza kama wamemwona mtu wa hivyo. Kila wiki naandika ripoti, hata kama jibu ni "hakuna". Inakwenda wilayani, mkoani, mpaka ng'ambo, walikokuwa wanafuatilia ndui imebaki wapi duniani.

Sisi tulikuwa tunaonyesha vipele.

Watu walikuwa wanamwangalia mtoto.

"Marehemu mama yangu alidhani yule mtoto wa kwenye picha amepotea," akaniambia. "Kila Jumapili kanisani alimwombea. Hata siku zake za mwisho aliuliza kama mmempata."

Nikataka kucheka. Nikamtazama, hacheki.

"Sasa, baba, mlimpata?"

Nilitembea na ile picha miaka mitatu. Hata leo naweza kuwachorea kila kipele. Jina la mtoto sikuwahi kuuliza, wala kama alipona.

Nikamwambia, "Tulimpata, mama. Alipona."

Akashusha pumzi kama aliyetua mzigo wa kuni. "Basi nitapita kaburini nimwambie."

Nimedanganya, najua. Nisemeni tu. Nyie mngejibu nini?

Mimi nimefika nyumbani, nikakaa, na kwa mara ya kwanza nimemwombea yule mtoto.