Sindano ya Ijumaa na Sufuria ya Watu Mia Mbili

Shemeji yangu alianza sindano za kupunguza mwili mwaka ule bwalo letu lilipoezekwa upya. Hapana, nimekosea. Mwaka wa kuezeka ndio aliokwama kwenye mlango wa stoo tukamvuta watu watatu. Sindano zilikuja mwaka uliofuata, maana nakumbuka tulikuwa tukimpima chini ya bati jipya na mvua haikutuingilia. Mke wangu anasema ulikuwa mwaka mwingine kabisa. Tusigombane. Yeye hukumbuka maneno ya watu, mimi hukumbuka mvua.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Alikuwa mpishi mkuu katika bwalo la karakana moja ya mabasi, mahali wanapoleta mabasi yaliyochoka yakachomelewa na kupakwa rangi yakarudi barabarani kama vijana. Mimi nilikuwa mtunza stoo ya jiko hilohilo, funguo kiunoni, nalinda unga, maharage na mafuta. Watu mia mbili walikula kwake kila mchana, na wote walimwita Mama Mwiko. Alikuwa mwanamke wa mwili kwelikweli. Ukimtania, na mimi kama shemeji nilikuwa na haki yangu ya kutania, alikujibu kwamba hajanenepa, ameiva.

Kilichomkata maneno ni ngazi. Binti yake aliolewa akahamia ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti, akajifungua huko. Shemeji alikwenda kumwona mjukuu, akafika ghorofa ya pili, magoti yakagoma na pumzi ikagoma. Ilibidi mtoto ateremshwe. Alimpakata palepale kwenye ngazi, majirani wakipita na ndoo zao wakimwomba radhi. Kesho yake tukiwa tunachambua maharage alikuwa kimya, na kimya chake ni kama redio kuharibika, kila mtu husikia. Mwishowe akasema, "Shemeji, mjukuu wangu nimemsalimia ngazini kama mtu aliyekuja kudai kodi ya nyumba."

Ndipo alipokwenda kliniki. Daktari akampima sukari na presha, akamwambia magoti hayo yamebeba mzigo usio wao, na kwamba ipo sindano ya mara moja kwa wiki inayotuliza njaa. Nesi akamfundisha kujichoma mwenyewe. Ilikuwa kitu kama kalamu, ila inaandikia tumboni. Huanzwa kwa dozi ndogo, mwili ukizoea inapandishwa, na upande hubadilishwa, wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto. Alichagua Ijumaa, kwa sababu Jumamosi hapikii watu, na kichefuchefu kikija kimkute nyumbani.

Sindano ya kwanza alijichomea stooni kwangu, kati ya magunia ya mchele, mke wangu akiwa ameitwa kuja kumshika mkono. Mwanamke anayechinja kuku huku akisimulia habari za harusi, siku hiyo alifumba macho. Alipouliza kama tayari, dada yake akamwambia tayari zamani, sasa unafinya mkono wangu bure.

Tangu hapo alama zake zilikaa kwenye kalenda nyuma ya mlango wa stoo. Kila Ijumaa dozi na upande. Kila Jumatatu asubuhi alipanda kwenye mizani ya magunia, viatu pembeni, nami nasoma kilo na kuziandika kwa chaki kwenye ubao. Mkaguzi wa stoo alipopita akaona namba zinashuka, akauliza ni bidhaa gani hiyo inayopungua kila wiki na haina hati ya kutolewa. Nikamwambia ni shemeji yangu. Alidhani namkejeli, akaondoka hajaniaga.

Namba zilishuka kweli. Wiki za mwanzo polepole, alipopandishiwa dozi zikashuka kwa hatua. Alicheua, alifunga choo, akaambiwa anywe maji zaidi, akanywa. Nilichokistaajabia zaidi ni jinsi alivyoitazama nyama. Niliwahi kumkuta amekaa na sahani yake, kipande kimoja mbele yake, anakitazama kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule akasahau jina lake. Akakifunika. Alikuwa na furaha, na sisi tulikuwa na furaha naye. Hata kanga alianza kuifunga mara mbili.

Sasa matatizo yalianzia kwenye foleni. Siku moja chakula kikaisha watu wa idara ya rangi hawajafika dirishani. Tukasema bahati mbaya. Wiki iliyofuata kikaisha tena, safari hii na wachomeleaji wengine wakakosa, na mtu anayechomelea chuma tangu alfajiri hana subira ya mtawa. Maneno yakaanza. Wakasema Mama Mwiko anapungua kwa sababu anakimbia na chakula chetu. Mwingine akasema hapana, angekuwa anakila angenenepa, basi anakiuza. Walicheka, lakini kicheko cha mwenye njaa kina meno. Meneja wa bwalo akamwita, akamwambia kwa upole wa ofisini kwamba likitokea tena ataleta mpishi mwingine.

Shemeji alirudi jikoni akalia kidogo, akapangusa uso kwa aproni, akasema amelogwa mkono. Maana anapika vilevile alivyopika miaka yote.

Mimi nikaingia stooni kutafuta ukweli, na ukweli ulikuwa umesimama wima mbele yangu. Magunia yalikuwa yamejaa. Kwa kawaida mwisho wa mwezi nilikuwa nakung'uta sakafu, na sasa mchele umebaki, maharage yamebaki. Hakuna mwizi anayeiba kwa kuacha. Nikamfuata kwenye sufuria kubwa, nikamwuliza jambo ambalo kwa miaka yote sikuwahi kumwuliza, yaani anajuaje kwamba chakula kinatosha. Hakuwa na kipimo, hakuna aliyewahi kumwona na kipimo. Nilikuwa namtolea gunia, anachota, akifika mahali anasema basi.

"Naitazama sufuria," akasema, "tumbo linaniambia."

"Na sasa hivi linakuambiaje?"

Akachungulia ndani. Mchele ulikuwa haujafika hata nusu. "Linaniambia tele." Kisha akanitazama, mwiko umesimama hewani, na tukaelewa wote wawili kwa pamoja.

Tangu utoto tumeambiwa aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Hatukuambiwa kwamba shibe yenyewe inaweza kuingia kwa sindano.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Ijumaa ile ilifika na hakujichoma. Nikamwuliza, akasema watu mia mbili hawawezi kushinda na njaa kwa ajili ya magoti yake mawili, na kwamba mjukuu siku moja atakua, atateremka mwenyewe. Dada yake alikuja akamsema sana, kwamba huko juu mtoto ameshaanza kutambaa na bibi anamjua kwa picha. Nesi alipopigiwa simu akasema iliyochelewa siku mbili tatu bado inachomwa, ila aamue. Na kuhusu jiko akashauri apime kwa vikombe na kuandika. Jumatatu alfajiri shemeji alijaribu vikombe. Akavuruga hesabu katikati kwa sababu mtu alimsalimia, akaanza upya, akavuruga tena, akavirudisha kabatini akisema yeye ni mpishi, si mfamasia.

Dawa ikatoka mahali ambapo hatukutazamia. Kulikuwa na mchomeleaji mmoja tukimwita Winchi, mwembamba kama waya anaouchomelea, lakini mlaji ambaye mama yake mwenyewe hakuwa na uhakika anakipeleka wapi. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote kwenye foleni. Asubuhi hiyohiyo shemeji alimwita jikoni, akamsimamisha mbele ya sufuria, akamwambia ukweli wote, sindano, magoti, ngazi. Kisha akamwuliza kama inatosha.

Winchi akainama, akanusa, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mama, hii ni yangu. Ya wenzangu iko wapi?"

Nikaleta gunia jingine. Akachota, akamtazama Winchi, akachota tena, mpaka Winchi akameza mate akasema hapo sasa anaanza kuona watu. Mchana huo idara ya rangi walikula wakasaza. Alasiri ile shemeji akajichoma, upande wa kushoto, bila kushikwa mkono.

Ikawa desturi. Kila asubuhi kabla ya kazi Winchi alipita jikoni kuitazamia sufuria, na akapewa ukoko kama ujira. Wenzake wakamwita Mkaguzi. Masengenyo yalikufa yenyewe, maana ni vigumu kumsengenya mtu mdomo umejaa.

Ghorofa ya nne aliifikia mwaka huo huo. Mimi na mke wangu tulimfuata nyuma, kwa tahadhari, ingawa sijui tungemfanya nini angetuangukia. Alipumzika ya pili, akapumzika ya tatu akijifanya anatazama mandhari. Alipogonga, mjukuu aliletwa mlangoni, akamtazama, akanyoosha mikono. Shemeji akambeba akaingia naye mpaka ndani, akakaa kwenye kiti cha watu, akaomba maji. 

Wakati wa kushuka, yeye akiwa mbele amejishikilia ukuta, lilinijia swali ambalo bado ninalo. Nimemwuliza nesi, akacheka. Nimemwuliza daktari, akatazama saa. Nimemwuliza shemeji mwenyewe, akaniambia nifunge mlango wa jiko nzi wanaingia. Ile njaa aliyoibeba miaka yote, akiitazamia sufuria ya watu mia mbili, ilikuwa yake, au ilikuwa yetu?