Siku Binti Yangu Alipojamba

Binti yangu wa kwanza alizaliwa vizuri, lakini siku ya pili akaanza kutapika maji ya kijani na tumbo likavimba. Utumbo ulikuwa umeziba. Tukakimbizwa kutoka Mtwara hadi hospitali moja ya misheni, daktari akakata kipande kibovu, akaunga. Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni kule kusini, sina mama wala shangazi karibu.

"Sasa atanyonya lini?" nikamuuliza muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya kengele.

"Akijamba."

Nilidhani ananitania.

"Kweli, mwalimu. Akijamba, ujue utumbo umeamka. Kwa sasa ni dripu tu."

Basi nikawa mtu wa kutegea sikio kwenye nepi. Mume wangu, karani wa bandari, alikuwa amebaki Mtwara kazini. Ni mtu wa haya, hata neno choo halitamki mbele ya wageni. Jumapili akasimama kanisani kutoa ombi. "Tumwombee mtoto wetu apate... apate... ajambe!" Waumini wakageukiana. Kisha mzee wa kanisa akaitikia kwa nguvu, "Amina!" Baadaye aliponisimulia, alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

Kesho yake asubuhi, namfuta mtoto, kikatoka kimlio chembamba kama bawaba ya kabati. Nikapiga kelele. Muuguzi akaja mbio, akainama.

"Rudia, mama," akamwambia mtoto.

Naye akarudia! Jirani yangu wa kitanda, mkulima wa korosho kutoka Mtawanya aliyekuwa akimuuguza mwanawe, akapiga kigelegele hadi wodi ya wanaume wakauliza nani kaolewa.

Tukaanza kumlisha maziwa yangu niliyokamua kikombeni, tone kwa tone, kwa mrija wa puani. Tulipoongeza haraka tumbo likajaa, tukapunguza, tukaanza upya. Mapaja yake yalikuwa na mikunjo kama soksi iliyolegea, na mzani haukusogea.

"Yale mepesi yanayotangulia yakamue pembeni," muuguzi akanielekeza. "Mpe mazito ya mwisho, ndiyo yenye mafuta."

Jirani naye akanikalia kooni na uji wa muhogo wenye karanga. "Kula, mwalimu. Titi halichoti kisimani."

Asubuhi moja mshale wa mzani ukapanda. Kidogo tu, lakini ulipanda! Tukacheza pale pale, kanga zinatudondoka, muuguzi akifoka, "Nyie, mtaniangushia mtoto!" huku naye mabega yanamcheza.

Mrija ulipotolewa nikampa titi. Alinyonya kwa pupa, akiguna kama mtu aliyekuta ubwabwa wa harusi.

Tuliporudi nyumbani Chuno, baba yake alizunguka naye mtaani akipiga hodi hata kwa watu tusiowajua. "Mshikeni muone alivyo mzito!" Alikuwa bado kama kifaranga, lakini kila aliyempokea alikunja magoti na kugumia, kana kwamba amebebeshwa gunia la korosho.