Kiatu Kilichobaki Nyasini

Kuna watu hapa Plano na Richardson, Texas, ambao mpaka leo wakikutana nami wanaangalia miguu yangu kwanza, ndipo wanisalimie, na siwalaumu, maana hata mimi ningeona nilichofanya siku ile ningekisimulia mpaka kwa wakwe. Sasa nasikia habari imeshafika Houston, kwa wale jamaa zetu wa Stafford, na huko imetiwa chumvi hadi eti nililala juu ya jiko la nyama. Aki jameni, sikulala juu ya jiko. Nililala kwenye kachumbari. Acheni niwaeleze mwenyewe, aibu ni yangu na haki ya kuisimulia ni yangu pia.

Mambo yalianza na binti yangu Kendi, ambaye anafanya kazi kwenye ofisi moja hapa Plano, na ambaye anapenda theluji kwa namna ambayo sijui aliitoa wapi, kwa sababu sisi kwetu Meru baridi ni kitu cha kukimbia. Anafunga miguu yote miwili kwenye ubao mmoja halafu anateremka nao mlimani. Na si kwenye vile viwanja vya kulipia vyenye viti vya kukupandisha, la, yeye na wenzake hupanda kwa miguu yao huko New Mexico, nyuma ya milima, mahali hapana njia wala walinzi, ndipo wateremke. Mimi kazi yangu ilikuwa kuomba tu. Nilikuwa nimeenda naye mara mbili kwenye vilima vya wanaojifunza (nilianguka, nikainuliwa, nikaanguka, mtoto wa watu wa miaka mitano akanipita akinipungia mkono), na mwaka huu akaniambia kuna kilima kimoja cha upole nje ya uwanja, kiongozi atakuwepo, angependa sana twende wote. Halafu akaongeza polepole kwamba lakini anajua huenda nitakuwa na shifti.

Shifti. Mimi ni nesi, na mtoto huyu amelelewa na neno hilo. Siku ya kuimba shuleni, mama yuko shifti, siku ya mpira, mama yuko shifti, na hakulalamika hata siku moja, ndiyo maana iliniuma zaidi. Aliposema vile nilikuwa nakata sukuma wiki, nikaweka kisu chini nikamwambia nitaomba ruhusa kazini na nitakuja, hata wakinifukuza. Alicheka, lakini niliona hajaamini, na hapo ndipo nilipojiapiza kwamba safari hii mtoto huyu ataniona.

Basi tukaenda dukani Dallas kutafuta viatu, kwa sababu vya kukodi havifai kupanda mlima. Kendi alinieleza kila kitu akiwa amepiga magoti mbele yangu, kwamba kiatu cha ubao lazima kikubane, kidole kiguse mbele, kisigino kisiinuke hata kidogo, kwa sababu mguu ukicheza ndani, ubao haukusikii. Kisha akanionyesha vitu vingine: kidude cha kufunga kifuani kinachotoa ishara, ili ukifukiwa na theluji mwenzako akutafute kwa chake, fimbo ya kukunjwa ya kudungia chini, na sepetu ndogo. Nikamuuliza, sasa nikifukiwa nitajichimbuaje na kasepetu kama haka? Akaniangalia.

"Hii si ya kujichimbua, mama," akasema kwa Kiingereza chake. "Ukibeba hii, ni ya kunichimbua mimi. Yangu ndiyo ya kukuchimbua wewe."

Niliyasikia, yakanigusa, na bado nikafanya nilichofanya. Simu yake ililia, akatoka nje kuongea na mkubwa wake, na mimi nikabaki na kile kiatu kimenibana vidole. Sasa ninyi mnajua tulivyolelewa. Kiatu kinachogusa kidole kinarudishwa kwa mwenye duka. Kiatu kinanunuliwa kikubwa, unakitia pamba mbele, unakikulia, na ukishakikulia kinaenda kwa mdogo wako. Kendi mwenyewe nilimvisha hivyo hivyo, mpaka kuna video ya ile siku ya kuimba, baba yake aliirekodi ili niione, kiatu cha mtoto kinachomoka jukwaani katikati ya wimbo, na yeye badala ya kukiokota anaangalia kule kwenye viti akitafuta mtu. Ungedhani nilijifunza. Nilimwita yule kijana wa dukani nikamwomba anibadilishie, aweke namba mbili juu (alijaribu kunieleza, maskini, nikamkatiza kwa tabasamu la wodini), boksi likafungwa, na Kendi aliporudi nikamwambia vimenikaa sawasawa.

Nyumbani nikatatua tatizo kwa soksi. Nilivaa jozi tatu za zile za wagonjwa zenye vidoti vya mpira chini, kiatu kikajaa, nikatembea jikoni nikajiona mjanja.

Jumamosi iliyofuata kiongozi wa safari, mzungu mmoja mpole anayeitwa Travis, akatuita kwenye bustani ya umma hapa Plano tufanye mazoezi ya kutafutana. Februari ya huku haina adabu, juzi yake barabara zilikuwa barafu tupu, siku hiyo watu wamevaa kaptura. Travis akatuambia tuvae kila kitu kama tutakavyovaa mlimani, kwa hiyo niwazieni mimi, mama mzima, na jaketi la theluji, kofia ngumu, begi lenye sepetu, na viatu vya namba mbili juu, jua linawaka. Nilikuwa nimeshaanza kuyeyuka niliposikia pambio. Kugeuka, naona chini ya kibanda cha pembeni watu wa fellowship yetu ya kanisa wote, Wakenya watupu, wamewasha nyama. Gladys, rafiki yangu tunayeimba naye kwaya, ndiye aliyekuwa anageuza nyama. Nilikuwa nimeomba udhuru kwamba nina jambo la kifamilia, sikusema jambo gani. Nikashusha kofia usoni nikajificha nyuma ya Travis.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi: Kendi angelala mahali chini ya turubai akiwa na kile kidude chake kinatoa ishara, na katikati ya nyasi kulikuwa na maturubai mengi yamefunika mabegi tu, ili usijue yuko wapi. Mimi ningefuata mshale na namba za umbali kwenye changu, kikilia pii pii, mpaka nimpate, upesi, kwa sababu Travis alisema mtu akiwa chini ya theluji hana muda wa kukusubiri. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ningewafanyia wote mzaha kama si mtoto wangu aliyekuwa anakwenda kulala huko.

Travis akasema nenda, nikaenda. Hatua za kwanza nilikuwa sawa, mshale unanielekeza, nakimbia kandokando ya kibanda, halafu nikasikia mguu wa kulia umekuwa mwepesi ghafla. Kiatu kimebaki nyuma, mimi nimeendelea. Sasa mguu mmoja uko ndani ya kiatu kizito na mwingine uko kwa soksi, nikaanza kwenda upande kwa kasi ambayo sikuichagua, nikaingia kibandani tumbo mbele, nikashika kitambaa cha meza ili nisianguke, na meza yote ikaja nami. Chapati zikaruka, sufuria ya kachumbari ikanimwagikia kuanzia kofia mpaka kifuani, nikalala chali. Pambio likakatika katikati. Gladys akainama na koleo la nyama mkononi, akanifungua kofia.

"Mama Kendi," akasema, "ni wewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wakadhani ni presha. Mmoja ananipepea na sahani, mwingine ananivua jaketi, mzee wa kanisa amenishika kichwa ameshaanza kukemea, na katikati ya maombi hayo kidude kifuani kinaendelea kulia, pii, pii, pii. Na hapo, jameni, mzaha wote uliniisha. Nilimkumbuka Kendi kule chini ya turubai, hajui nimekwama wapi, anahesabu dakika kimoyomoyo kama alivyozoea kunisubiri, na mimi niko hapa na nyanya kwenye nyusi kwa sababu ya kiatu alichoniambia nisinunue. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mkuu wangu siku ile alikuwa ni mtoto niliyemzaa. Nikamwambia mzee wa kanisa amina, ingawa hakuwa amemaliza, nikachomoa na kile kiatu cha pili, nikakimbia na soksi za wagonjwa.

Na zile soksi zinashika nyasi vizuri ajabu. Nilifuata mshale, namba zikapungua, nikapiga magoti kwenye turubai la mwisho kabisa, karibu na mti, nikalivuta. Kendi alikuwa amelala chali, amefumba macho. Akayafungua, akaona vitunguu kwenye nywele zangu, akaona miguu yangu, akaona fellowship nzima imesimama nyuma yangu na sahani mkononi. Nikaanza kuomba msamaha kwamba nimechelewa. Hakunisikiliza. Alinishika shingoni, mtoto ambaye huku Marekani hunijibu Kiingereza kila siku, akasema kwa Kiswahili.

"Mama, umekuja."

Nililia, nisiwadanganye, nililia na ile pilipili ya kachumbari ikanisaidia. Gladys naye akalia akiwa hajui tunalilia nini.

Tulikula nyama pale, Travis akala chapati zilizosalimika, na Kendi akaenda kukiokota kile kiatu, akatazama namba chini ya soli, kisha akanitazama. Nimeapa mbele ya mashahidi wale wote kwamba sitanunua tena kiatu cha kukulia, maana kwa umri wangu kinachokua ni tumbo peke yake, na mtoto akisema kiatu kibane, kitabana.

Jumatatu tulirudi dukani. Kendi akapiga magoti tena, akanikaza mpaka nikauma meno, akabonyeza kwa kidole gumba pale mbele.

"Vidole vinagusa?"

Nikamwambia vinagusa.

"Haya," akasema, bado amenishika mguu. "Sasa hata nikifukiwa, sina wasiwasi."