Niliwateremsha Watoto Chumba cha Injini

Siku yangu ya kwanza melini nilivaa shati jeupe. Nilitoka Kakamega nikijua nimepata kazi kwenye meli ya mizigo huko Kisumu, na kwa akili yangu ya ujana, kazi ya meli ilikuwa kusimama juu na kutazama ziwa. Injinia Mkuu aliniangalia, akacheka mpaka akakohoa. "Hilo shati mrudishie mama yako. Shuka chini." Nikapewa kopo la mafuta lenye mdomo mrefu. Cheo changu kilikuwa mpaka mafuta, yaani mtu wa kupaka vyuma mafuta.

Injini ilikuwa ya mvuke, na vyuma vyake vilizunguka ndani ya beringi. Beringi ikikosa mafuta hupata joto, na ikizidi kupata joto meli husimama katikati ya ziwa na mahindi yake yote. Hatukuwa na kipimo cha joto. Tulipapasa beringi kwa mkono injini ikiwa mbioni, tukiuingiza na kuutoa kwa mdundo wa injini. Siku hiyohiyo nikaingiza kiganja.

"Wewe! Mgongo wa mkono!" Injinia Mkuu akafoka. "Kiganja kikishtuka hushika. Mgongo ukishtuka hukimbia."

Nina vidole kumi leo kwa sababu ya mzee yule, na sioni haya kumsifu. Nilipaka mafuta miaka mingi, kisha nikapandishwa nikawa dreva wa injini, yaani yule anayefungua na kufunga mvuke. Makapteni walikuja wakaenda, mimi niko chini. Vijana, sikieni: katika zamu zangu meli haikusimama hata mara moja kwa beringi kuungua. Naringa, ndiyo. Nisiporinga mimi, nani ataniringia?

Nilistaafu nikarudi nyumbani Shieywe, hapa Kakamega. Meli nayo ikastaafu, ikafungwa gatini, ikapakwa rangi, ikawa makumbusho. Mwaka huu mjukuu wangu Khavere, anayeniita Kuka, yaani babu, na anayesoma hapa Shirere, aliniomba niandamane na darasa lao kwenda kuiona. Nilifurahi hadi nikapiga viatu rangi mara mbili. Ndani ya basi ndipo nikasikia watoto wakiniita "Kapteni". Khavere akageukia dirishani. Kumbe alikuwa amelidanganya darasa zima!

Kufika melini, kijana wa makumbusho akatupeleka moja kwa moja juu, kwenye usukani, na mwalimu akaniomba niketi kwenye kiti cha kapteni nipigwe picha. Khavere akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga, "Kuka, tafadhali, keti tu."

Nilimhurumia sana. Na kiti chenyewe ni kizuri, nisiwafiche. Lakini jasho langu lote la kule chini, nilikane kwa ajili ya picha?

"Sikuwa kapteni," nikasema kwa sauti. "Nilikuwa mpaka mafuta, kisha dreva wa injini. Twendeni chini niwaonyeshe."

Mtoto mmoja akacheka. Khavere akashuka ngazi wa mwisho, kichwa kimeinama. Moyo uliniuma.

Chini nikawaonyesha kengele ya maagizo. "Kapteni akitaka meli iende mbele, anavuta mkono wa chuma kule juu. Huku mshale unasogea, kengele inalia. Sisi tunavuta wetu kumjibu, ndipo tunafungua mvuke."

"Na msipofungua?" Ilikuwa sauti ya Khavere.

"Atakaa huko juu akitazama samaki."

Wakaangua kicheko, wakasukumana kila mmoja akitaka kuvuta. Ilibidi niwapange foleni. Mwalimu naye akavuta.

Tulipopanda tena, yule mtoto aliyecheka akamkabili Khavere. "Mbona ulituambia babu yako alikuwanga kapteni?"

Khavere hakutazama chini safari hii. "Nilikosea," akasema. "Kapteni alikuwanga wa kuomba meli iende. Kuka wangu ndiye alikuwanga wa kuipeleka."